Rwanda ni Ndogo, na Burundi Je?

Mwezi uliopita, katika mafunzo ya bajeti kwa madiwani na maofisa mipango wa halmashauri, sikuwa nimefika mbali nilipokatizwa na diwani mmoja aliyekaa mstari wa mbele. "Mwalimu, Rwanda usituletee hapa," alisema. "Ile nchi ni sawa na mkoa mmoja kwetu. Eneo likiwa dogo, kila kitu kinaonekana." Nusu ya ukumbi ikatikisa vichwa kukubaliana naye. Nimefundisha mipango na fedha za umma kwa miaka mingi, na ni nadra kumaliza mafunzo bila kuisikia kauli hiyo, iwe ukumbini au wakati wa chai. Safari hii iliniuma zaidi, kwa sababu aliyeitoa ni mtu makini, anayeijua kata yake kisima kwa kisima, na kauli yenyewe ilimwondolea sababu ya kuendelea kusikiliza.

"Nchi ndogo ni rahisi kuiendesha"

Tuanze na ukubwa wenyewe. Rwanda ina kilomita za mraba 26,338, na Mkoa wa Tanga, hapa Tanzania, una takriban 26,700. Hapo diwani yuko sahihi. Lakini sensa za mwaka 2022, zilizofanyika katika nchi zote mbili, zilihesabu watu milioni 2.6 Tanga na watu milioni 13.2 Rwanda. Zahanati, darasa, bima ya afya na hati ya ardhi hupangwa kwa idadi ya watu, wala si kwa kilomita za mraba. Anayesema Rwanda ni mkoa mmoja anapaswa kuumalizia mfano wake kwa kuwajaza watu mara tano katika mkoa huo, kuuondolea bahari na bandari, kisha aseme kama bado unaonekana rahisi.

Kipimo changu cha kudumu, ambacho wanafunzi wangu wamekichoka lakini sitakiacha, ni hiki: kabla ya kutaja sababu ya maendeleo ya Rwanda, ijaribu kwanza sababu hiyo kwa Burundi. Burundi ina kilomita za mraba 27,834. Nchi hizi mbili zilitawaliwa na Wajerumani, kisha Wabelgiji wakaziendesha pamoja kwa jina la Ruanda-Urundi, na zikapata uhuru siku moja, tarehe 1 Julai 1962. Zote hazina bahari, zote ni za milima na vilima vilivyojaa watu, zote zimetegemea kahawa na chai, na lugha zao zinakaribiana kiasi kwamba wasemaji wake huelewana. Zote zimepita katika umwagaji damu mkubwa: Rwanda katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, ambapo uchumi wake uliporomoka kwa karibu nusu, na Burundi katika vita vilivyofuata kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye mwezi Oktoba 1993. Hata hivyo, mwaka 2023 pato la taifa kwa kila mtu lilikuwa takriban dola 1,000 nchini Rwanda na pungufu ya dola 300 nchini Burundi. Kama udogo ndio siri, kwa nini siri hiyo ifanye kazi upande mmoja tu wa mto Akanyaru?

Anayedhani kuwa nimechagua jozi inayonipendelea na aende Bahari ya Hindi. Morisi na Komoro zinakaribiana kwa ukubwa, kila moja ikiwa na takriban kilomita za mraba 2,000 au pungufu. Morisi ina pato la zaidi ya dola 10,000 kwa mtu na imekuwa ikibadilisha serikali kwa kura. Komoro haijafikisha dola 2,000, na tangu uhuru wa mwaka 1975 imeshuhudia mapinduzi na majaribio ya mapinduzi zaidi ya 20. Udogo uko pande zote mbili za mizani, kwa hiyo hauwezi kuwa ndio unaouinamisha upande mmoja.

Kuna jambo ambalo wanaoshikilia dhana hii hawaligusi kabisa, nalo ni kwamba udogo una gharama. Soko la ndani ni dogo, kwa hiyo kiwanda kinachohitaji wateja wengi lazima kitazame nje ya mpaka tangu siku ya kwanza. Kontena la kwenda Kigali linateremshwa Dar es Salaam na kusafiri takriban kilomita 1,500, au linateremshwa Mombasa na kupita Uganda kwa safari ndefu zaidi. Kila lita ya mafuta, kila mfuko wa mbolea na kila mashine ya hospitali hulipa nauli hiyo. Kisha ukaja mgogoro na Uganda: mpaka wa Gatuna ulifungwa Februari 2019, na haukufunguliwa tena hadi mwishoni mwa Januari 2022. Nchi kubwa yenye pwani hukasirishwa na jirani na kuendelea na biashara zake. Nchi ndogo isiyo na pwani ikigombana na jirani, bei sokoni hubadilika.

Ardhi nayo ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi kwamba udogo si wepesi wa kazi. Kati ya mwaka 2009 na 2013 Rwanda ilipima na kusajili vipande vya ardhi zaidi ya milioni 10. Fikiria maana yake katika eneo linalolingana na la Tanga: mashamba ni vijipande, kimoja kiko bondeni, kingine mlimani, cha tatu kilirithiwa na ndugu wanne ambao hawajagawana. Kazi hiyo haikufanywa na wapimaji wenye shahada peke yao, kwa kuwa wasingetosha hata kama wangekusanywa wote nchini. Walifundishwa vijana wa maeneo husika, wakapewa picha za angani zilizochapishwa kwenye karatasi kubwa, wakatembea shamba kwa shamba pamoja na wenyewe. Mwenye shamba anasimama kwenye mpaka wake, jirani anasimama upande wa pili, wanakubaliana kwamba mstari unapita kwenye ule mstari wa miti au ile njia ya miguu, kisha kijana anauchora kwa kalamu juu ya picha na kuupa namba. Wasipokubaliana, mgogoro unaandikwa kuwa ni mgogoro na kazi inasonga kwenye shamba linalofuata. Kwa wanandoa waliofunga ndoa ya kisheria, majina ya wote wawili yaliingia kwenye hati. Huo ndio utawala ninaoutaka madiwani wetu waujadili, yaani kijana mwenye kalamu, karatasi yenye namba, na mahali pa kuupeleka mgogoro. Hakuna hata hatua moja kati ya hizo iliyorahisishwa na udogo wa nchi, na msongamano wa watu ulizifanya nyingi ziwe ngumu zaidi.

Wala sisemi kazi hiyo haina kasoro. Usajili wa kwanza ulifanikiwa, lakini baadaye wauzaji wa vishamba vidogo waliendelea kuandikishana kwenye karatasi za kawaida bila kwenda kubadilisha hati, kwa sababu ada ya kuhamisha umiliki ilikuwa kubwa ukilinganisha na thamani ya kishamba chenyewe. Kasoro hiyo nayo ni somo la utawala, na nayo haina uhusiano wowote na ramani.

Ukitaka sababu zenye uzito, zitafute katika mpangilio wa kazi. Mwaka 2006 Rwanda ilipunguza wilaya zake kutoka 106 hadi 30, ikazipa bajeti na watumishi, na mwaka huo huo ikaanzisha imihigo, yaani ahadi za utekelezaji ambazo mameya huzitia saini mbele ya Rais na kupimwa nazo kila mwaka. Kila kijiji kikapata wahudumu wa afya waliochaguliwa na wanakijiji wenyewe, na bima ya afya ya jamii ikaenea nchi nzima. Vifo vya watoto chini ya miaka mitano vilishuka kutoka 196 kwa kila watoto 1,000 mwaka 2000 hadi 45 katika utafiti wa mwaka 2019/20. Mpango huo unaweza kusifiwa na unaweza kukosolewa, na nitaukosoa hapa chini, lakini angalau ni kitu ambacho halmashauri yenye watu laki tatu inaweza kukichunguza na kujifunza kwacho. Udogo wa nchi hakuna halmashauri inayoweza kujifunza kwao.

"Uchumi ukikua kwa asilimia 8, kila mtu amekua kwa asilimia 8"

Dhana hii huja kwa sura mbili: wapo wanaoishangilia namba, na wapo wanaosema kwamba namba ni uongo kwa kuwa shangazi yao aliyeko Nyamagabe, wilaya ya vijijini kusini mwa Rwanda, hajaona mabadiliko. Wote wanakosea jambo lile lile. Mwaka 2023 uchumi wa Rwanda ulikua kwa asilimia 8.2. Ndani ya namba hiyo, huduma zilikua kwa takriban asilimia 11 na viwanda kwa takriban asilimia 10, ilhali kilimo kilikua kwa takriban asilimia 2 tu. Idadi ya watu iliongezeka kwa wastani wa asilimia 2.3 kwa mwaka kati ya sensa mbili za mwisho. Kwa hiyo mkulima ambaye hana kingine zaidi ya shamba lake aliishi katika uchumi ambao kwa kila kichwa haukukua, katika mwaka ule ule ambao mwenye hoteli Kigali alikuwa akiongeza vyumba. Namba ya taifa ni ya kweli, na shangazi naye anasema kweli.

Nyongeza kwa wanaopenda kunukuu umaskini: utafiti wa kaya wa mwaka 2023/24 ulitoa asilimia 27.4. Usiilinganishe na ile 38.2 iliyochapishwa kwa mwaka 2016/17, kwa sababu njia ya kukokotoa imebadilika. Kwa njia mpya, mwaka ule ulikuwa na asilimia 39.8.

"Kigali ni safi, basi nchi ni tajiri"

Barabara za Kigali ni safi kwa sababu kuna vyama vya ushirika vinavyolipwa kuzifagia kila siku, mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku mwaka 2008, na umuganda, yaani kazi za pamoja za wananchi, hufanyika kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Ni mafanikio ya usimamizi wa jiji, na ningependa kuyaona kwetu. Lakini utafiti ule wa kaya ulikuta umaskini wa takriban asilimia 9 Kigali na zaidi ya asilimia 37 katika Mkoa wa Magharibi, na mwaka 2019/20 asilimia 33 ya watoto chini ya miaka mitano nchini walikuwa wamedumaa. Mgeni anayetoka uwanja wa ndege kwenda hotelini hawezi kuwaona.

"Ni misaada tu," au "ni madini ya Kongo tu"

Neno linaloniudhi hapa ni hilo "tu". Misaada ina uzito: wafadhili waliposimamisha fedha mwaka 2012 kwa sababu ya M23, kundi la waasi wa mashariki mwa Kongo ambalo Rwanda ilishutumiwa kuliunga mkono, ukuaji wa mwaka 2013 ulishuka hadi asilimia 4.7. Burundi nayo iliishi kwa misaada kwa miaka mingi bila kupata matokeo hayo. Kuhusu madini, ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa zimeeleza mara kwa mara jinsi madini ya Kongo yanavyovushwa kwa magendo kuingia Rwanda, na Serikali ya Rwanda imekanusha. Jambo hilo ni zito na linagharimu maisha ya watu, na hadhi yake ni kujadiliwa kwa ushahidi wake lenyewe, badala ya kutupwa mezani kila mara mtu anapotaja bima ya afya.

"Tunachohitaji ni rais mkali"

Pale diwani anapokubali kwamba si udogo, hatua yake ya pili huwa hii. Basi turudi kwenye kipimo kile kile. Burundi ilitawaliwa na wanajeshi watatu mfululizo, Micombero, Bagaza na Buyoya, kuanzia mwaka 1966 hadi 1993. Ukali haukukosekana.

Ndani ya Rwanda kwenyewe ukali umekuwa na bei. Katika kampeni ya kuondoa nyumba za nyasi, iliyofikia kilele mwaka 2010 na 2011, wilaya zilikuwa na malengo ya kutimiza, na katika baadhi ya maeneo nyumba zilibomolewa kabla wenyewe hawajapata pa kuhamia. Chini ya mpango wa kuongeza tija ya mazao ulioanza mwaka 2007, kuna wakulima walioamriwa kupanda zao moja lililochaguliwa na wilaya, hata pale uzoefu wao wa kuchanganya mazao ulipowaambia vinginevyo. Imihigo humfanya meya awajibike juu, kwa aliyesaini mbele yake. Mwananchi aliye chini ana njia chache sana za kumwambia kwamba lengo lenyewe si sahihi. Ofisa anayeogopa kuripoti kushindwa hupeleka namba nzuri, na mpango wa mwaka unaofuata hujengwa juu ya namba hiyo.

Uchaguzi nao ni sehemu ya picha hiyo. Katiba ya mwaka 2003 iliweka ukomo wa vipindi viwili, kura ya maoni ya mwaka 2015 ikafungua njia kwa Rais Paul Kagame kugombea tena, naye akatangazwa mshindi kwa asilimia 98.8 mwaka 2017 na asilimia 99.18 mwaka 2024. Mabadiliko yale yanaweza kumweka madarakani hadi mwaka 2034. Mtu anayekopesha nchi, au anayejenga kiwanda cha kulipa baada ya miaka 20, lazima ajiulize wilaya hizo 30 zitamtii nani baada ya hapo na kwa utaratibu gani, na swali hilo halijajibiwa kwa vitendo hata mara moja tangu mwaka 2000. Botswana, ambayo nayo ilikuwa miongoni mwa nchi maskini kabisa ilipopata uhuru mwaka 1966, ililijibu mwishoni mwa Oktoba 2024: chama kilichotawala kwa miaka 58 kilishindwa kwenye kura, rais akakubali matokeo kabla hesabu haijakamilika, na tarehe 1 Novemba mshindi akaapishwa.