Bunduki ya Upepo na Panya wa Uani: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Mvua za kusini mwa Tanzania hunyesha kwa msimu mmoja, na baada ya mavuno, mahindi, mbaazi na makopa yanapoingizwa ndani, panya nao huhama shambani na kuyafuata. Mwenye nyumba wa Mikindani, Newala au Nachingwea huwa na njia kadhaa za kujitetea: paka, mtego, sumu inayonadiwa mitaani kwa kipaza sauti, na siku hizi wapo wanaoulizia bunduki ya upepo, inayorusha punje kwa hewa iliyobanwa badala ya baruti. Makala haya yanaihusu hiyo ya mwisho, kwa sababu imezungukwa na maneno mengi yasiyo sahihi, na kwa sababu yaweza kuwa njia yenye huruma kuliko nyingine au yenye ukatili kuliko zote, kutegemea aliyeishika.

"Hicho ni kitu cha watoto kuchezea"

Dhana hii ndiyo yenye madhara makubwa zaidi. Karne ya 18 ilipokuwa inakaribia mwisho, jeshi la Austria lilitumia bunduki za upepo zilizobuniwa na fundi Girandoni, na msafara wa Lewis na Clark uliovuka bara la Amerika Kaskazini kati ya mwaka 1804 na 1806 ulikuwa na bunduki ya upepo miongoni mwa silaha zake. Zinazouzwa leo kwa ajili ya wanyama waharibifu hurusha punje yenye kipenyo cha milimita 4.5 au 5.5, na ingawa punje hiyo ina uzito wa gramu moja au pungufu, huweza kwenda mita mia kadhaa isipozuiwa, na karibu na mdomo wa bunduki huweza kutoboa jicho au kupenya fuvu la mtoto. Nchini Uingereza, bunduki ya upepo ambayo nguvu ya punje yake inazidi jouli 16 hivi (jouli ni kipimo cha nishati) huhitaji cheti cha silaha, na Uskoti tangu mwisho wa mwaka 2016 inataka leseni hata kwa zile za chini ya hapo.

Kwetu kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na masuala ya kumiliki silaha hupitia polisi. Kwa hiyo anayetaka kununua bunduki ya upepo aanzie kituo cha polisi, si dukani, na asiilete nyumbani kabla hajapata jibu la maandishi. Neno la muuzaji kwamba "hii haina shida" halimlindi mtu yeyote mbele ya sheria.

"Yenye nguvu zaidi ndiyo inayoua vizuri"

Hapa ndipo huruma inapopatikana au kupotea, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Panya hafi haraka kwa sababu bunduki ina nguvu nyingi. Hufa haraka punje inapofika kwenye ubongo, na eneo hilo, kati ya jicho na sikio, halizidi upana wa sarafu. Bunduki ya nguvu ya wastani iliyopiga hapo humwangusha papo hapo. Yenye nguvu maradufu iliyopiga tumboni humwacha akimbilie chini ya sakafu au juu ya dari, ambako atateseka kwa saa nyingi, na baada ya siku chache harufu itawaeleza wenye nyumba kilichotokea.

Kipimo cha kuaminika ni hiki: mpigaji achore duara la sentimita mbili na nusu kwenye karatasi, aiweke mahali salama, kisha apige punje tano mfululizo. Umbali ambao zote tano zinaingia ndani ya duara ndio umbali wake, na mtu asimpige mnyama hata hatua moja zaidi ya hapo. Kwa anayeanza, umbali huo mara nyingi ni mita 10 au 15. Mwenye mazoezi ya muda mrefu na bunduki iliyorekebishwa vizuri pamoja na darubini yake anaweza kufika mita 25. Anayesema kwamba yeye hupiga panya wa mita 50 gizani aombwe kwanza aonyeshe karatasi yake.

Kumkimbiza panya na bunduki uani ni kazi bure, na ni hatari. Panya hupenda kupita njia ileile kando ya ukuta, nao huanza kutoka jua linapozama. Basi huwekewa chambo kizito, kama karanga zilizopondwa, mahali pamoja kwa siku kadhaa mpaka wazoee kusimama na kula, na mpigaji hukaa akiwa ameegemea kitu imara, akisubiri panya atulie. Nyuma ya chambo pawe na kitu cha kumeza punje, na viroba vilivyojazwa mchanga ndivyo bora. Mabati, saruji na kuta za mawe ya matumbawe, zilizo nyingi Mikindani na Kilwa Kivinje, huirudisha punje au kuipeleka pembeni. Kupiga kuelekea juu, iwe kwenye dari la makuti au kilele cha mnazi, hakufai kabisa katika mtaa wenye watu, kwa kuwa punje iliyokosa lazima itue mahali fulani. Na ikiwa panya amejeruhiwa, punje ya pili ifuate mara moja. Kumwacha "afe mwenyewe" hakustahili kuitwa huruma.

"Ukipiga kila jioni, wataisha"

Hawataisha. Panya wa nyumbani hubeba mimba kwa takriban wiki tatu, huzaa mara nyingi watoto watano hadi wanane, na watoto hao nao huanza kuzaa wakiwa na umri wa miezi mitatu au minne. Chakula na maficho yakiwapo, nafasi ya waliouawa hujazwa upesi na waliozaliwa na wanaohamia kutoka kwa jirani. Bunduki humfaa mwenye panya wachache waliobaki baada ya kazi nyingine kufanyika: nafaka kuwekwa katika mapipa yenye vifuniko, mabaki ya chakula cha kuku kuondolewa kabla ya magharibi, marundo ya matofali na vifuu kusogezwa mbali na nyumba, na matundu yote yanayotosha kidole gumba kuzibwa kwa saruji. Miguu ya ghala ivikwe koni za bati zinazotazama chini, na mnazi ufungwe mkanda wa bati laini wenye upana wa sentimita 40 hivi, mradi makuti yake hayagusani na ya mti mwingine, la sivyo panya watavuka kwa juu.

"Sumu ina huruma kuliko risasi"

Sumu nyingi za panya huzuia damu kuganda. Panya hufa baada ya siku tatu hadi saba hivi, akivuja damu ndani kwa ndani, na katika siku hizo anaendelea kutembea akiwa dhaifu, akawa windo rahisi kwa paka, mbwa na bundi, ambao nao hudhurika. Mbwa au paka akiwahishwa kwa daktari wa mifugo anaweza kusaidiwa kwa vitamini K, ikiwa inajulikana alichokula. Lakini kipakiti kisicho na lebo hakimwelezi daktari chochote. Gundi ni mbaya zaidi, kwani panya hukaa amenasa saa nyingi akichuna ngozi yake mwenyewe. Kwa maoni yangu, mtego wa kubana wenye springi kali, uliowekwa kando ya ukuta na kukaguliwa kila asubuhi, unaishinda hata bunduki katika nyumba nyingi, maana haumtaki mtu kuwa na shabaha.

"Bundi ni uchuro, naye apigwe"

Bundi anayelia juu ya paa kwa kawaida amefuata panya. Anayemuua anamwondoa mwindaji anayefanya kazi usiku kucha bila malipo, na zaidi ya hapo anagusa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Komba wanaoiba tembo la mnazi na ngedere wanaoharibu mahindi nao si wa kupigwa kiholela. Taarifa zao hupelekwa kwa afisa wanyamapori wa halmashauri. Kunguru wa mjini, yule aliyeletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890, ni mgeni mharibifu kweli, ila ana akili: baada ya mwenzake mmoja kuanguka, kundi humtambua mpigaji na kumkwepa. Dawa yake ni taka zilizofunikwa.

"Aliyepigwa ni nyama kama nyama nyingine"

Kusini panya wa shambani ni kitoweo, na hakuna haja ya kuona haya kwa hilo. Lakini wa uani si wa shambani. Huenda amekula sumu ya jirani, na punje nyingi hutengenezwa kwa madini ya risasi, ambayo huacha vipande vidogo ndani ya nyama na hudhuru ubongo wa watoto. Anayetaka kitoweo atege shambani, mahali pasipowekwa sumu.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa Lindi wana sababu ya kulikumbuka. Mwezi Julai mwaka 2022, ugonjwa uliozuka wilayani Ruangwa na kusababisha vifo ulibainika kuwa homa ya mgunda, na bakteria wake hutoka katika mkojo wa wanyama walioambukizwa, panya wakiwamo. Mzoga usishikwe kwa mikono mitupu: mikono ivishwe mfuko wa plastiki au glavu, mzoga ufukiwe chini kiasi cha mbwa kushindwa kuufukua, na mikono ioshwe kwa sabuni hata kama ilifunikwa. Atakayepata homa, maumivu ya misuli au macho ya manjano katika wiki zinazofuata amweleze daktari kwamba alishika panya.