Hattrick: hesabu nafasi za mazoezi kabla ya kuajiri benchi la ufundi

Swali ninaloulizwa sana na wanaoanza Hattrick ni hili: "Kaka, niajiri makocha wasaidizi wa ngazi gani?" Na mimi humrudishia swali: wiki hii una vijana wangapi wanaopata mazoezi kamili? Wengi hawana jibu. Wameshaingia mkataba na benchi la bei mbaya, kumbe linafundisha vijana wawili, na nafasi zilizobaki zinachezwa na wakongwe waliopita miaka 30 ambao ujuzi wao haupandi tena kwa maana yoyote.

Kwa asiyeufahamu, huu ni mchezo wa kuendesha klabu ya soka mtandaoni. Ulianzia Sweden mwaka 1997 na mwendo wake ni wa kobe. Msimu una wiki 16, ligi ina timu 8 zinazocheza mechi 14, na mchezaji huongeza umri kila baada ya siku 112. Kijana anayetimiza miaka 17 leo atafikisha 20 baada ya siku 336 za kalenda. Kwa hiyo uamuzi wa matumizi ya mazoezi si wa wiki hii. Utaishi nao muda mrefu.

Kila wiki unachagua ujuzi mmoja wa kufundisha klabu nzima, na anayefaidika ni yule aliyecheza katika nafasi inayohusika na ujuzi huo. Ukichagua uchezeshaji, viungo wa kati ndio wanaopata mazoezi kamili na mawinga wanapata nusu. Mechi moja inabeba viungo wa kati watatu. Una mechi ya ligi mwishoni mwa wiki na ya kombe au ya kirafiki katikati ya wiki, kwa hiyo una nafasi sita kamili. Ukichagua golikipa, nafasi ni moja kwa mechi, yaani mbili kwa wiki. Mabeki wanaweza kufika kumi ukipanga watano nyuma mechi zote mbili. Dakika nazo zinahesabiwa: kijana akitolewa dakika ya 60, amepata theluthi mbili tu ya mazoezi yake.

Sasa angalia pesa. Benchi linakula mshahara uleule, liwe linafundisha makipa wawili au viungo sita. Igawe bili ya wiki kwa idadi ya vijana waliopata mazoezi kamili, utapata gharama ya kichwa kimoja. Kwa makipa wawili gharama hiyo ni mara tatu ya viungo sita. Ni kweli kipa hupanda haraka kuliko kiungo, hivyo pengo linapungua, lakini haliishi.

Baada ya hapo ndipo tuzungumzie ngazi. Wafanyakazi wote, ukiacha kocha mkuu, hawazidi wanne, na kati yao wasaidizi wa mazoezi ni wawili. Kila ngazi ya msaidizi inaongeza kasi ya mazoezi kwa kiasi kinachokaribiana na ngazi iliyotangulia, ila mshahara unajizidisha mara mbili. Tuseme ngazi ya kwanza ni fungu 1. Ya pili ni 2, ya tatu 4, ya nne 8, ya tano 16. Msaidizi mmoja wa ngazi ya tano anakugharimu mafungu 16 na kukupa ngazi tano. Wasaidizi wawili wa ngazi ya nne nao ni mafungu 16, lakini umepata ngazi nane! Kutoka hapo kwenda wawili wa ngazi ya tano, bili inaruka hadi 32 kwa ajili ya ngazi mbili tu. Mimi kwa klabu ya daraja la kati huishia kwenye wawili wa ngazi ya nne, na wakati mapato ni haba, wawili wa ngazi ya tatu: mafungu 8, ngazi sita. Anayeajiri mmoja wa ngazi ya tano na kuacha nafasi ya pili wazi anatupa pesa.

Kuna jambo halionekani kwenye bili. Kadiri wasaidizi wanavyopanda ngazi ndivyo na uwezekano wa majeruhi unavyoongezeka. Kiungo wako wa miaka 18 akiumia wiki nne, umelipa benchi kwa nafasi iliyo tupu. Ndiyo sababu nafasi ya tatu ya ajira huwa naiwekea daktari, hata wa ngazi ya chini.

Upande wa mapato, kumbuka mapato ya mlangoni ya ligi huyapati ukicheza ugenini. Mishahara inatoka kila wiki bila kujali ratiba. Ukipanga bajeti kwa kuangalia wiki ya nyumbani utajiona tajiri. Panga kwa jozi ya wiki mbili, nyumbani na ugenini, na kama jozi hiyo inaishia hasi kabla ya kuuza mchezaji, benchi lako ni kubwa kuliko klabu.

Mishahara ya wachezaji nayo ina tabia yake. Ujuzi ukipanda leo, mshahara haubadiliki hadi siku ya kuzaliwa ya mchezaji. Hapo unaweza kushtuka, hasa kama wote sita uliwanunua wakiwa na umri unaokaribiana kwa siku, maana wanapanda mishahara ndani ya wiki moja. Mgeni anayecheza nje ya nchi yake unamlipa asilimia 20 zaidi. Hivyo mnadani, kabla ya kuangalia bei, mimi huangalia siku zilizo mbele ya umri wake. "17 na siku 5" na "17 na siku 100" ni wachezaji wawili tofauti kabisa, hata kama ujuzi wao unafanana.

Wakati wa kumuuza huwa ni wiki chache kabla ya siku yake ya kuzaliwa, ujuzi ukiwa umepanda na mshahara bado ule wa zamani. Usimnunue na kumuuza ndani ya wiki chache: makato ya wakala ni makubwa kwa aliyekaa muda mfupi na hupungua kadiri anavyokaa klabuni. Asilimia 2 ya bei huenda kwa klabu iliyomlea, kwa hiyo kijana uliyemtoa kwenye akademi yako mwenyewe ataendelea kukuletea chochote kila anapouzwa huko mbele.