Onja jani la mchu, kisha panda Rondo

Kila nikipeleka wanafunzi Rondo, uwanda wa juu mkoani Lindi, kuna mmoja atauliza: "Mwalimu, huku juu si ndiko karibu na jua? Mbona baridi?" Mwezi wa saba mwaka juzi aliyeuliza alikuja na fulana tu. Alfajiri nilimkuta kajitanda kanga ya mama muuza chai.

Jua hupasha ardhi, na ardhi ndiyo inayopasha hewa. Hewa ikipanda, mgandamizo hupungua, inatanuka, na katika kutanuka inapoteza joto. Kwa wastani, kila mita 1,000 joto hushuka nyuzi 6 hivi. Rondo haifiki mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, lakini tofauti yake na Lindi mjini unaisikia mwilini.

Safari ya kuona mimea inavyobadilika ukipanda huwa naianzia chini kabisa, kwenye tope la mikoko pale mto Lukuledi unapomwaga maji baharini. Nachuma jani la mchu, aina mojawapo ya mikoko, naligeuza, nawaambia walambe. Chumvi! Mti unaishi kwenye maji ya bahari na kuitema chumvi kupitia majani. Ukitoka kwenye tope tu, mchu huuoni tena. Inafuata minazi, mikorosho, mibuyu, halafu miombo inayopukutisha majani kiangazi. Huko kote mwinuko bado hausemi kitu. Wanaoamua ni chumvi, udongo, moto na jembe.

Rondo ndiko mambo yanakobadilika. Kuna mvule, kuna mitambaazi, kuna majani yenye ncha ndefu iliyochongoka, maji yateleze upesi. Upepo wa kusi hutoka baharini na unyevu wake, hugonga ukingo wa uwanda, hupanda, hupoa, na mvuke hugeuka ukungu. Kwa hiyo kilima kifupi kilicho karibu na bahari kinaweza kupata msitu mbichi kwenye mwinuko mdogo kuliko mlima mrefu ulio bara. Ndiyo maana ile michoro ya mlima uliokatwa vipande kama keki, kila kipande na mita zake na mimea yake, huwa nawaambia wanafunzi waiangalie kwa jicho la pembeni.

Hata Kilimanjaro haifuati keki. Upande wa kusini, mvua nyingi zaidi hunyesha kwenye mita 2,200 hivi, katikati ya msitu wa mkulo. Ukizidi hapo mawingu yanaanza kuishiwa. Karibu na mita 3,000 msitu unaachia vichaka vya erika, na kuelekea mita 4,000 unakutana na lobelia na senesio, mimea inayochomwa na jua mchana na kugandishwa usiku. Lobelia hukunja majani jioni kufunika kichipukizi chake. Senesio haiangushi majani yaliyokufa. Huyavaa shinani kama koti. Juu zaidi ni mawe, kisha barafu.

Dunia inapopata joto, ungetegemea erika zipande. Kilimanjaro zimeshuka, kwa sababu ukame umeleta moto, na moto umeula ukingo wa juu wa msitu.

Rondo hofu yangu ni nyingine. Juu pale ni bapa, hakuna kilele cha kukimbilia. Mawingu yakianza kujiunda mita 200 juu zaidi, ukungu utapita hewani, na miti itabaki chini, mikavu.