Sahani yenye picha ya mbwa si hazina

Jamani, tuelewane: mimi nanunua na kuuza santuri, zile sahani za muziki za zamani, hapa Unguja, na umri wa santuri haupandishi bei yake. Kila ninapokataa kununua nasikia hoja ile ile: "Lakini hii ya marehemu babu, ya tangu wakati wa Mfalme!" Na siku hizi limezuka jengine. Mtu akiona kwenye lebo ile picha ya mbwa anayesikiliza pembe ya gramafoni, basi ameshaamini kuwa ameshika sahani ya Siti binti Saad, yule mwimbaji wetu wa taarabu wa zamani, na ameshaanza kupiga hesabu ya kiwanja.

Nianze na huyo mbwa, maana ndiye anayenichosha. Ni nembo ya kampuni ya His Master's Voice. Kweli, Siti alikwenda Bombay mwaka 1928 akarikodi kwa kampuni hiyo. Lakini mbwa huyo huyo amebandikwa kwenye bendi za dansi za Uingereza, kwaya za makanisani, opera za Italia na nyimbo za Kihindi zilizochapwa Calcutta, mamilioni kwa mamilioni. Wazungu wa serikali walizileta kwa makasha, na walipoondoka wakaziacha. Sinunui. Hata ikiwa nzima, haina ukwaruzo hata mmoja, sinunui. Anayezitaka anazipata huko Uingereza kwa pesa chache kuliko nauli ya kuzisafirisha kutoka hapa.

Basi acha picha, soma maandishi. Lugha gani? Nani kaimba? Kuna namba gani kwenye lebo, na ipi iliyogongwa kwenye sahani yenyewe, pale kati ya lebo na mwisho wa mistari inayopitiwa na sindano? Ukiniletea hayo, tunaweza kuzungumza.

Na hata ikiwa ni Siti mwenyewe, kuna suala la hali yake. Sindano za chuma za zamani zilikuwa za kubadilishwa kila upande mmoja ukimalizika. Watu walibana matumizi, sindano moja ikapigia harusi nzima, nayo ikala kuta za mistari. Inamishe sahani kwenye mwanga wa dirisha: ikiwa mistari imegeuka kijivu, sauti imeshakwenda, utasikia mvumo kuliko mwimbaji. Hiyo hainitoi bei kubwa. Lakini siikatai, na hapa natofautiana na wenzangu wanaotaka iliyo safi tu. Kwa baadhi ya nyimbo za miaka ile huenda nakala iliyochakaa ndiyo pekee itakayotufikia. Nainunua kwa bei yake ya uchakavu, bila kumdanganya mtu.

Tafadhali sana, msizisafishe kabla ya kuzileta. Sahani za RPM 78, yaani zile za zamani zinazozunguka mara 78 kwa dakika, si plastiki. Zimetengenezwa kwa utomvu wa wadudu wa India uliochanganywa na unga wa jiwe, na spiriti inauyeyusha utomvu huo. Wapo wanaozipaka spiriti zing'ae, wakanikabidhi sahani iliyolainika mistari. Wengine hupaka mafuta ya nazi, vumbi likaganda humo ndani. Futa vumbi kwa kitambaa kikavu, uishie hapo. Na usiipige kwa sindano ya LP, zile santuri kubwa za plastiki: mistari ya 78 ni mipana, ncha yake inatakiwa iwe kama mara tatu ya ile.

LP nitazipita haraka. Jim Reeves, yule mwimbaji wa Marekani: sinunui. Alifariki kwa ajali ya ndege mwaka 1964, lakini kampuni yake iliendelea kutoa albamu zake kwa miaka mingi, na Afrika Mashariki nzima ilizinunua. ABBA na Boney M: hivyo hivyo, labda zikiwa hazijaguswa. Nyimbo za filamu za Kihindi za miaka ya 1970 zinategemea. Ile ya Sholay ya 1975 ninazo za kutosha. Masanduku ya muziki wa klasiki wa Ulaya, masomo ya lugha, nyimbo za Krismasi: hapana. Hapo sihukumu muziki. Jim Reeves aliimba vizuri na wazee wetu walimpenda kwa haki. Tatizo ni kwamba wenye kuuza wamejaa na wenye kununua hawapo.

Zilizopinda nakataa zote. Santuri iliyolazwa juu ya kabati chini ya bati, Machi hadi Machi, haitanyooka, na ukiibana baina ya vioo juani utaiharibu zaidi. Kuvu la masika kwenye jalada navumilia. Likiingia kwenye mistari, hapana. Na sahani yenye muhuri wa redio, skuli au klabu siigusi mpaka nione karatasi ya ruhusa.

Halafu kuna bei za mtandaoni. Kijana ananionesha simu, Discogs, lile soko la santuri mtandaoni, mtu anataka dola mia mbili. Mwanangu, hiyo ni bei anayoitaka, hajaipata. Teremka chini kwenye ukurasa huo huo, ipo historia ya zilizouzwa kweli: ya chini, ya kati, ya juu. Tutazame hiyo, tena ya toleo lile lile na hali ile ile.

Kinachoniuma ni hiki. Watu wananiletea ma-LP makubwa yenye majalada ya rangi, na zile ndogo za RPM 45, zisizo na jalada, wamewapa watoto wachezee. Ndizo ninazozitaka! Taarabu ya Mombasa ya lebo ya Mzuri, ya duka la Assanand. Bendi za dansi za Bara zilizochapwa Nairobi miaka ya 1970, wimbo mmoja umegawiwa upande wa kwanza na wa pili. Bendi nyingine haikuacha LP hata moja; yote iliyo nayo ni vile visahani.

Lipo linalonikosesha raha. Wanunuzi wangu wengi wako Ulaya na Japani, kwa hiyo ninapochagua nachagua kwa masikio yao. Ile santuri ya Jim Reeves niliyoikataa ina jina la aliyekuwa mwenye nayo kwa wino nyuma ya jalada, na mtaa wake wa Ng'ambo. Huo ni ushahidi wa kilichosikilizwa hapa, pengine wa kweli kuliko visahani adimu ninavyovisafirisha. Nafasi sina, unyevu unakula kila kitu, na bado sijui kama mpango wangu ni wa haki. Ukikataliwa kwangu, usiitupe. Iweke wima, mbali na jua.

Kabla ya kuja, nitumie picha ya lebo pande zote mbili, na ya sahani yenyewe ikiwa imeinamishwa kwenye mwanga wa dirisha. Picha ya jalada peke yake siijibu.