Je, wajua kwa nini mchezaji wa tenisi wa chuo hafui soksi alizoshindia?

Mtazame msichana aliyesimama nyuma ya mstari wa mwisho. Ana mipira mitatu; anaipima mkononi, anauchagua ule aliotoka kupatia pointi, mmoja anautia mfukoni na wa tatu anaurudisha. Ananyoosha nyuzi za raketi kwa vidole ingawa hazijapinda. Kisha anadundisha mpira chini: moja, mbili, tatu, nne. Mtu anapiga chafya jukwaani. Msichana anaushika mpira, anashusha pumzi, na anaanza kuhesabu upya kutoka moja.

Huu ni msimu wa tenisi ya vyuo vikuu vya Marekani, na ukikaa uwanjani saa moja tu utaona mambo ya namna hii mpaka uchoke. Yupo asiyekanyaga mstari wakati wa kubadilisha upande. Yupo mwenye kofia ambayo haijaonja sabuni tangu timu ianze kushinda. Ndani ya basi kila mtu ana kiti chake, na ole wake wa mwaka wa kwanza atakayekalia cha mwenzake asubuhi ya mechi. Soksi za ushindi nazo hazifuliwi mpaka siku ya kufungwa.

Hawa ni vijana wanaosoma fizikia, uchumi na biolojia. Wanajua fika kwamba soksi haipigi mpira. Kwa nini basi?

Jibu linaanzia kwenye mechi yenyewe, ambayo haifanani na tenisi tuliyozoea kuiona kwenye televisheni. Chuo kinapokutana na chuo, kwanza zinachezwa mechi tatu za wawili wawili, za seti moja moja. Timu inayoshinda mbili kati ya hizo inapata pointi moja. Kisha wachezaji sita wa kila upande wanaingia viwanja sita kwa wakati mmoja, mtu na mtu wake, na kila ushindi ni pointi. Jumla ni pointi saba, na timu inayotangulia kufikisha nne imeshinda. Hapo kila kitu husimama. Kama ulikuwa kiwanja cha tano unaongoza, jasho linakutoka, mechi yako inaachwa hivyo hivyo bila mshindi.

Jiweke mahali pa huyo wa kiwanja cha tano. Anacheza peke yake, lakini matokeo ni ya wote. Kutoka kushoto anasikia kelele za kiwanja cha nne bila kujua nani kapata. Ubao wa matokeo unabadilika pembeni ya jicho lake. Anaweza kushinda na timu ikafungwa. Anaweza kufungwa na bado akabebwa juu. Tena hesabu ya gemu imefupishwa: katika tenisi ya kawaida mkifungana 40–40 ni lazima mmoja amzidi mwenzake kwa pointi mbili, lakini vyuoni, kwenye daraja la kwanza la mashindano yao, inachezwa pointi moja tu, na anayepokea ndiye anayechagua upande wa kupokelea, kulia au kushoto. Kwa wanaume kuna zaidi: mpira wa kuanzisha ukigusa wavu ukadondokea ndani ya kisanduku cha mpokeaji, haurudiwi, mchezo unaendelea. Gemu nzima inaweza kuamuliwa na mpira uliojikwaa kwenye wavu.

Ndiyo dunia aliyoingia Mkenya Angella Okutoyi mwaka 2023 alipojiunga na Chuo Kikuu cha Auburn, Alabama, mwaka mmoja baada ya kutwaa Wimbledon ya vijana kwa wawili wawili. Mchezaji aliyezoea mashindano ya mtu mmoja mmoja anajikuta ghafla amebeba wenzake mgongoni, kuanzia Januari hadi Mei.

Sasa tuwaache wanadamu kidogo, twende kwa njiwa.

Mwaka 1948 mwanasaikolojia B. F. Skinner alichapisha jaribio ambalo mpaka leo huwezi kuzungumzia imani za michezoni bila kulitaja. Alichukua njiwa wanane wenye njaa, kila mmoja akamtia katika kizimba chake. Chombo cha chakula kilijileta kila baada ya sekunde chache, kwa saa, bila kujali njiwa anafanya nini. Ndege hakuwa na kazi yoyote zaidi ya kungoja. Lakini sita kati ya wanane hawakungoja tu. Mmoja alianza kuzunguka kinyume na mwendo wa saa, mara mbili tatu kati ya chakula na chakula. Mwingine alisukuma kichwa kwenye pembe moja ya juu ya kizimba, tena na tena. Wa tatu alirusha kichwa kama anayeinua fito isiyoonekana. Skinner alieleza kwamba chakula kilimkuta kila njiwa akiwa katikati ya kitendo fulani, ndege akakirudia kitendo hicho, na kwa kuwa chakula kiliendelea kuja, mazoea yakaota mizizi. Wanasayansi waliofuata walibishana naye kuhusu maana ya vitendo hivyo, lakini picha ya njiwa anayezunguka ili chakula kije imebaki.

Soksi huanza vivyo hivyo. Jumamosi moja unavaa zile za kijani kwa sababu nyeupe zimelowa. Unashinda mechi ambayo hakuna aliyetegemea. Jumamosi ya pili mkono wenyewe unazifuata kabatini. Kushinda mara mbili kunatosha. Baada ya hapo kuziacha ni kama kumtukana mtu aliyekufadhili. Na hapa ndipo mazoea yanapogeuka mwiko, kwa sababu hakuna anayethubutu kupima. Nani atavaa nyeupe siku ya fainali ili aone kama atafungwa?

Hata hivyo njiwa hawamalizi maelezo, maana watu hawaweki miiko popote pale. Tunaiweka mahali maalumu. Aliyeliona hili vizuri ni mwanaanthropolojia Bronisław Malinowski, aliyeishi katika visiwa vya Trobriand, Papua New Guinea ya leo, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Aliona kwamba wavuvi wa kule walipovua ndani ya wangwa, yaani maji ya ndani yaliyokingwa na miamba, ambako samaki hupatikana kwa hakika na maji ni shwari, hawakuwa na uganga wowote wa kufanya. Walipotoka nje kwenye bahari kuu, kwenye hatari na kubahatisha, walikuwa na uganga mwingi. Watu ni walewale na ujuzi ni uleule. Bahari ndiyo iliyobadilika.

Tenisi ina wangwa wake na bahari yake. Mpira ukiwa unakwenda na kurudi, mchezaji hana nafasi ya kufikiri juu ya kofia. Miguu inakimbia, mkono unajibu. Lakini kati ya pointi na pointi kuna ukimya wa hadi sekunde 25, na mechi ya saa mbili kwa sehemu kubwa ni ukimya huo. Humo ndimo kosa la pointi iliyopita linaporudi kichwani. Humo ndimo kelele za kiwanja cha nne zinaposikika. Kisha unakuja wakati wa kuanzisha, wakati pekee katika tenisi ambapo mpira uko mkononi mwako, umetulia, na hakuna wa kulaumiwa ila wewe. Ndiyo maana nyingi ya tabia hizi zimejazana hapo.

Wakubwa wa mchezo huu wanathibitisha. Serena Williams, mwenye mataji 23 makubwa ya mchezaji mmoja mmoja, alikuwa akidundisha mpira mara tano kabla ya kuanzisha mara ya kwanza na mara mbili kabla ya kuanzisha mara ya pili, na alijulikana kwa kuvaa soksi zilezile mashindano yakimwendea vizuri. Björn Borg alifuga ndevu kila Wimbledon, akaibeba mara tano mfululizo, 1976 hadi 1980. Goran Ivanišević aliingia Wimbledon ya 2001 kwa nafasi ya kualikwa, akala chakula kilekile katika mkahawa uleule, na kila asubuhi akatazama kipindi cha watoto cha Teletubbies, mpaka akawa bingwa.

Rafael Nadal ndiye anayenivutia kuliko wote. Chupa zake mbili za maji zilipangwa mbele ya kiti, moja nyuma ya nyingine, zikielekezwa uwanjani kwa mshazari. Kabla ya kuanzisha aligusa kaptura, mabega, pua na masikio kwa mpangilio uleule. Katika kitabu cha maisha yake cha mwaka 2011 alikataa kwamba huo ni ushirikina. Hoja yake ni kwamba ushirikina ungemfanya aache pale anapofungwa, ilhali yeye alifanya hivyo akishinda na akishindwa. Anasema ni namna ya kupanga vitu vilivyomzunguka vifanane na mpangilio anaoutafuta kichwani. Namwamini, na nadhani mengi ya jibu la swali letu yamo katika maneno hayo.

Je, inasaidia kweli? Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cologne, Ujerumani, waliwapa watu mpira wa gofu wakiwaambia baadhi yao kwamba huo ni mpira wenye bahati. Walioambiwa hivyo walitumbukiza zaidi. Habari hiyo ilienea duniani kote. Miaka minne baadaye watafiti wa Marekani walirudia jaribio hilo na watu wengi zaidi, na tofauti haikuonekana. Kwa hiyo anayekwambia kwamba sayansi imethibitisha nguvu ya hirizi, mwambie asubiri kwanza.

Lakini kuna jingine ninaloliona lina uzito. Mwaka 2016 Alison Wood Brooks wa Harvard na wenzake waliwaweka watu katika mambo yanayotia hofu, kama kuimba mbele ya mgeni au kufanya hesabu ngumu. Kabla ya hapo baadhi yao walipewa kitendo kisicho na maana yoyote: chora unavyojisikia, nyunyiza chumvi juu ya mchoro, hesabu hadi tano kwa sauti, kunja karatasi, tupa. Waliofanya hivyo walipungukiwa na hofu na wakafanya vizuri zaidi. Na kitendo kilekile kilipoitwa utaratibu maalumu kilisaidia kuliko kilipoitwa vitendo vya ovyo tu. Chumvi haikumfundisha mtu kuimba. Ilimpa mikono yake kazi na akili yake mahali pa kukaa wakati hofu inapita.

Hapo naona tofauti na mambo ambayo msomaji wa kwetu atayakumbuka mara moja, ya timu kukwepa mlango rasmi wa uwanja au kumwaga vitu golini usiku. Hayo yanamlenga mpinzani, yanataka miguu yake iwe mizito. Msichana anayehesabu midundo hamtakii mtu mabaya. Anajishughulisha na mapigo ya moyo wake mwenyewe.

Kuna tabia nyingine za timu za chuo ambazo si za mtu mmoja: mduara kabla ya mechi, mikono juu ya mikono, jina la chuo likipigwa kelele kwa pamoja, salamu ya vidole ambayo kila jozi ya wawili wawili ina yake. Mwaka 2009 watafiti wa Stanford waliwatembeza watu katika makundi, wengine kwa hatua zinazokwenda pamoja, wengine kila mtu na mwendo wake. Baadaye waliotembea kwa mpigo mmoja walisaidiana zaidi katika michezo ya kushirikiana. Aliyewahi kuona wavuvi wakivuta juya ufukweni huku wakiimba hahitaji kuelezwa sana. Watu wanane au kumi wa timu ya chuo, kila mmoja akienda kucheza peke yake kwenye kiwanja chake, wanahitaji kamba ya kuwafunga pamoja kabla hawajatawanyika. Ndiyo maana mwenye kukalia kiti cha mwenzake kwenye basi anakemewa kwa nguvu kuliko aliyekosa mpira mazoezini.

Hatari ipo, nayo ni pale utulivu unapotegemea kitu kinachoweza kupotea. Sanduku likibaki uwanja wa ndege, soksi hazipo. Kudundisha mara nne, kushusha pumzi, kutazama nyuzi za raketi: hayo unasafiri nayo popote. Kocha mwenye busara hamnyang'anyi kijana kofia yake, ila anamwongezea lile lisiloweza kusahaulika hotelini.

Fainali ya wanaume ya vyuo ya Mei 2013, huko Illinois, ilikuwa Virginia na UCLA. Pointi zikafika 3–3, ikabaki mechi moja tu, na wachezaji wengine wote wamesimama pembeni wakitazama. Mitchell Frank wa Virginia alikuwa nyuma 3–5 katika seti ya tatu, mpinzani akihitaji pointi moja tu awe bingwa. Mpinzani akakimbilia mbele, akaudondosha mpira karibu na wavu kwa ustadi mkubwa, na mguu wake ukagusa wavu kabla pointi haijaisha. Kwa sheria, anayegusa wavu mpira ukiwa bado mchezoni anapoteza pointi. Soksi ya nani iliupanga mguu ule? Hakuna. Lakini baada ya bahati ile Frank alikuwa bado na kazi ya kucheza, na kila pointi ilitanguliwa na ukimya wa kutosha kumfanya mtu atetemeke. Akashinda gemu nne mfululizo, 7–5, na Virginia, waliofungwa fainali za 2011 na 2012, wakawa mabingwa kwa mara ya kwanza.