Kumuuliza mtu kuhusu kujiua hakumpi wazo hilo

Wengi huogopa kumuuliza mwenye sonona (ugonjwa wa huzuni kali ya muda mrefu) kama anafikiria kujiua, wakidhani swali litamtia wazo ambalo hakuwa nalo. Hofu hiyo inatokana na upendo, lakini si kweli. Mwaka 2005 mtafiti wa Marekani Madelyn Gould na wenzake walichapisha utafiti juu ya wanafunzi zaidi ya 2,000 wa sekondari katika jimbo la New York: wengine waliulizwa kuhusu kujiua, wengine hawakuulizwa. Walioulizwa hawakuwa na mawazo hayo zaidi ya wenzao. Tena kati ya walioulizwa, waliokuwa na dalili za sonona, au waliowahi kujaribu kujiua, walionekana kuwa na dhiki kidogo kuliko wenzao wa hali hiyo ambao hawakuulizwa!

Muulize waziwazi, kwa upole. Akikubali, usimhubirie wala usimwache peke yake. Ondoa vidonge na sumu za shambani, kisha mpeleke hospitali.