Besi za bei chee, roki isiyotulia

Ukutani kwangu hapa Nairobi zimetundikwa besi nne, magitaa ya sauti nzito. Ya tano iko mezani, shingo imefunguliwa, skrubu zake nne nimeziweka kwenye kifuniko cha chupa ya maji zisije zikapotea. Ukijumlisha bei ya zote tano, haifiki nusu ya bei ya besi moja mpya ya kampuni ya Fender iliyotengenezwa Marekani. Wageni wakiziona hudhani mimi ni mkusanyaji. La. Kila nilipohama bendi, roki nayo ilikuwa imeshahamia kwingine, nikahitaji besi ya namna nyingine, na pesa sikuwa nazo.

Vijana wanaoanza huniuliza, "Kaka, ninunue besi gani?" Jibu langu huwaudhi: yoyote ya bei chee yenye shingo nzima, na pesa inayobaki uipeleke kwenye nyuzi na kwa fundi. Wao wanataka jina la kampuni.

Besi yangu ya kwanza niliipata Tanga, mtumba, nyekundu iliyobabuka, nembo imekwanguliwa. Mwili wake ulikuwa wa plaiwudi, na ukichungulia kwenye tundu la kuchomekea waya uliweza kuhesabu tabaka moja moja. Mama aliitazama akasema, "Rahisi huvunja upishi, mwanangu." Jirani yetu, mzee aliyepiga muziki wa dansi enzi ambazo Tanga ilijivunia Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, aliitazama kwa namna yake. Nilimwamkia, akaitikia "Marahaba" bila kuinua uso, akafumba jicho moja, akailenga shingo kuanzia kichwani mpaka darajani, pale nyuzi zinapofungwa mwilini, kama mtu anayelenga shabaha. "Imepinda kidogo tu. Hii itaimba." Mwili hakuugusa kabisa.

Sababu yake niliielewa baada ya miaka, kwa kuharibu vitu. Besi ya umeme haiimbi kwa tumbo kama gitaa lenye tundu. Inaimba kwa pikapu. (Fundi mmoja niliyemwambia pikapu yangu imekufa aliniuliza ni Toyota au Isuzu.) Pikapu ni sumaku chache zilizozungushiwa waya mwembamba wa shaba maelfu ya mara. Uzi wa chuma ukitikisika mbele ya sumaku, umeme mdogo sana huzaliwa kwenye ule waya, ukapita kwenye kinobu cha sauti, kisha kinobu cha toni chenye kapasita moja, ukatoka kwenda kwenye ampu, yaani kikuza sauti. Kwenye besi isiyotumia betri, hakuna kingine humo ndani. Kiwanda cha bei ya chini kikifuata mchoro huo, kuukosea kunataka juhudi.

Kuhusu mbao wapiga besi wanaweza kubishana mpaka alfajiri, na mimi niko upande wa plaiwudi. Kampuni ya Danelectro kule New Jersey, katika miaka ya 1950, ilitengeneza magitaa na besi kwa hadibodi, pikapu zake zikiwa ndani ya vikopo vya rangi ya mdomo ya akina mama, na nyingi ziliuzwa kupitia maduka ya Sears kwa watu wa kipato kidogo. Leo watu wanazisaka.

Shingo ndiyo inayobeba mzigo. Kwenye besi ya kawaida, urefu wa uzi unaotikisika ni sentimita 86 hivi, na nyuzi nne kwa pamoja huivuta shingo kwa nguvu ya zaidi ya kilo 60, usiku na mchana, hata ukiwa umelala. Ndani ya shingo kuna chuma kinachopambana na mvuto huo. Mtihani wa dukani ni huu. Bana uzi mnene kwenye freti ya kwanza (freti ni vile vijiti vya chuma vilivyopachikwa shingoni) kwa mkono mmoja na kwenye freti ya mwisho kwa mkono mwingine, kisha tazama katikati, karibu na freti ya 7. Pakibaki upenyo wa unene wa zile kadi za biashara watu wanazopeana, shingo ni njema. Uzi ukilala kabisa au ukipaa sana, chukua ufunguo wa pembe sita ukizungushe kile chuma robo mzunguko, usubiri, utazame tena. Chuma kikigoma kuzunguka, rudisha besi kwa mwenyewe uende zako. Na shingo iliyojisokota, upande wa kulia ukitazama juu na wa kushoto chini kama ubao uliosahaulika mvuani, hiyo hata ukipewa bure kataa.

Nilipohamia Nairobi na ile nyekundu yangu, ilipiga kelele kama bati. Tanga ina unyevu wa bahari. Nairobi iko juu, mita 1,700 hivi, na hewa yake kavu. Mbao ilikuwa imenywea, ncha za freti zikachomoza pembeni zikawa zinanikwaruza kiganja. Kazi ilikuwa jioni moja ya tupa ndogo na msasa. Nikafurahi kuwa naifanyia chombo nisichokionea huruma. Rafiki yangu mwenye besi ya bei mbaya alikuwa na tatizo hilo hilo, naye alisubiri miezi mitatu akiogopa kuigusa.

Kinachosahaulika ni kwamba hata Fender yenyewe ilizaliwa kuwa chombo cha kazi. Mwanzilishi wake, Leo Fender, alitoa besi ya Precision mwaka 1951 kule California: kipande cha mbao bapa, shingo iliyokazwa kwa skrubu, freti zilizomwezesha mpiga gitaa kushika besi bila kujifunza upya kama kwenye lile dude la besi la kusimama. Ilitengenezwa hivyo ili itoke nyingi, ibebeke, na ikiharibika ifunguliwe. Mwaka 1982 kampuni yake, iliyokuwa imeshanunuliwa na wengine, ikaanza kutumia jina la Squier kwa vyombo vya bei nafuu vilivyotoka Japani. Nyeusi iliyoko ukutani kwangu ni Squier, ingawa si ya Japani. Ina shingo nzuri kuliko za watu wanaonicheka.

Turudi kwenye roki na tabia yake ya kuhama. Bendi yangu ya kwanza Nairobi ilikuwa ya panki, roki ya kasi na fujo. Huu ni mji wenye wapenzi wa roki wengi kuliko wanavyodhani walioko nje. Kuna Crystal Axis na panki yao, na kabla yao walikuwepo Parking Lot Grass na metali yao, roki nzito. Panki haiombi mengi: nyuzi mpya zinazong'aa sauti, piki ngumu (kile kibao cha kudonolea nyuzi), na mkono unaopiga kuelekea chini tu, karibu na daraja, bila kupumzika. Paul Simonon wa The Clash, bendi ya panki ya Uingereza, alipoanza hakujua besi, akachora majina ya noti shingoni ili ajue pa kuweka kidole. Nilifanya hivyo hivyo kwa kalamu ya kuandikia katoni. Kwenye besi ya milioni usingethubutu.

Kisha mpiga gitaa wetu akagundua metali, na hapo ndipo nilipoaibika.

Metali huteremsha nyuzi. Desturi hiyo ina chanzo kinachojulikana: Tony Iommi, mpiga gitaa wa Black Sabbath, alikatwa ncha za vidole viwili kiwandani Birmingham mwaka 1965, na kufikia mwaka 1971 alikuwa anazilegeza nyuzi kwa nusu-sauti tatu, jambo lililomrahisishia kubana. Mpiga besi wao, Geezer Butler, akamfuata. Uzi mnene zaidi wa besi, ule wa noti ya E, hutikisika mara 41 kwa sekunde. Ukiuteremsha hivyo unabaki mara 35 hivi, na sauti inakuwa ya kitu kizito kinachoburutwa. Basi sisi tukaamua kuteremka mpaka B, mara 31 kwa sekunde. Nikalegeza tu nyuzi zangu za kila siku nikapanda jukwaani. Uzi ukawa kama kamba ya kuanikia nguo. Kila nikiudonoa unagonga freti zote, na mpiga dramu akaniuliza mbele ya watu kama nimekuja na mkoba wa vijiko.

Dawa yake si besi ya nyuzi tano. Nilijaribu hiyo, moja ya kampuni ambayo siitaji, uzi wake wa tano ulikuwa bubu na betri yake iliisha katikati ya nyimbo. Dawa ni kununua seti ya nyuzi tano, ukautupa ule mwembamba wa G, ukafunga nne zinazobaki kwenye besi yako ya kawaida: B, E, A, D. Uzi wa B una unene wa milimita 3.3 hivi, na kile kipande cha plastiki kilichoko mwanzo wa shingo kimechongwa kwa ajili ya uzi wa milimita 2.7. Unautanua mfereji kwa tupa nyembamba, taratibu, ukijaribu kila baada ya mikwaruzo miwili mitatu. Ukizidisha, kipande kipya ni bei ya chai na mandazi. Kisha unakaza kile chuma cha shingo kidogo, kwa sababu mvuto umebadilika. Besi ile ya plaiwudi ndiyo iliyonipitisha miaka minne ya metali.

Baada ya metali tukapoa, kama watu wanavyopoa wakishaoa. Bendi iliyofuata ilitaka ule muziki wa Manchester wa baada ya panki, besi ikiimba juu kama gitaa. Peter Hook, mpiga besi wa Joy Division ya huko, alinunua besi ya bei ndogo baada ya kuwaona Sex Pistols, bendi ya panki, mwaka 1976, na amesimulia mara nyingi kwamba alipiga noti za juu kwa sababu ampu ya mwenzake ilimfunika, chini hakujisikia. Mtindo mzima unaoigwa mpaka leo na vijana wenye vyombo vizuri ulitokana na ampu dhaifu! Mimi nilipanda freti ya 12 na kuendelea, na hapo nikanunua besi fupi, ya sentimita 76. Shingo fupi, nyuzi laini, kidole kidogo kinafika. Watu huziita za watoto. Mike Kerr wa Royal Blood alianza kufanya kazi ya besi na gitaa kwa pamoja kwa besi fupi ya Gretsch ya bei nafuu na pedali za kubadili sauti, na albamu yao ya kwanza ya mwaka 2014 ikaongoza chati za Uingereza.

Nikitafuta mtakatifu mlinzi wa imani yangu nampata karibu na nyumbani, kwa njia ya kuzunguka. Kila mtu pwani anajua kwamba Freddie Mercury alizaliwa Unguja mwaka 1946. Wachache wanamjua mpiga besi wa bendi yake ya Queen, John Deacon, msomi wa elektroniki na mtu mkimya. Miaka ya mwanzo ya 1970 aliokota kibao cha saketi kwenye jalala la vifusi London, akakifunga ndani ya spika ndogo ya rafuni, akakiwasha kwa betri. Kisanduku hicho mpiga gitaa wao, Brian May, alikitumia kwenye rekodi za Queen kutoa milio ya gitaa inayofanana na okestra. Na bendi ile ilipochoka na roki nzito, ni Deacon huyo huyo aliyeileta mwaka 1980 ile besi ya "Another One Bites the Dust", ya kidisko kabisa, ikashika namba moja Marekani. Mtu anayeokota vitu jalalani haogopi kubadili mtindo. Hana cha kulinda.

Hata ile besi ya Höfner ya Paul McCartney wa Beatles, aliinunua Hamburg mwaka 1961 kwa pauni 30 hivi kwa kuwa Fender ilimshinda bei, na kwa kuwa, akiwa wa mkono wa kushoto, umbo lake la fidla halikuonekana kichekesho likigeuzwa. Iliibwa mwaka 1972. Habari za kurudishwa kwake zilitangazwa Februari 2024, na siku hiyo nililia kidogo jikoni, sitaki kuulizwa kwa nini.

Pesa nitumie wapi basi? Nyuzi, kwanza. Za bapa, zilizozungushiwa utepe laini badala ya waya wa duara, zikae muda mrefu. James Jamerson, mpiga besi wa kampuni ya rekodi ya Motown, alikuwa habadilishi zake mpaka zikatike, na alikuwa na sponji chini ya kifuniko cha daraja ili mlio ufe upesi. Mimi natumia sponji ya kuoshea vyombo, upande wa njano. Pili, funguo za kukazia nyuzi, kwa maana hapo viwanda vya bei ya chini hubana matumizi. Tatu, tundu la waya, linalokoroma kila ukigeuka: waya wa lehemu na dakika kumi. Pikapu mwishoni kabisa, kama bado unazitaka. Na tafadhali usiichomeke besi kwenye ampu ndogo ya gitaa ukafungulia sauti yote. Nimezika spika mbili kwa njia hiyo.

Hii ya mezani ni ya bendi mpya. Wana umri wa miaka ishirini na ushei, wananiita mzee, na wanapiga kitu chenye ukungu mwingi ambacho noti moja hudumu mpaka chai inapoa. Wanataka nyuzi za besi zishuke karibu na freti, kwa hiyo nimekata kipande cha kadi ya simu cha kulaza chini ya kisigino cha shingo. Mazoezi ni kesho saa kumi. Shingo imeingia vizuri, ila kwenye kifuniko naona skrubu tatu.